Seminari Iliyohamia Shambani: Kutoka Guatemala Hadi Gehandu

Nimerudi mjini juzi tu na viatu vyangu bado vina vumbi la Gehandu. Jina hilo utalikuta Mbulu na utalikuta Hanang pia, huko mkoani Manyara, kwa hiyo usinibane sana na ramani. Ni nchi ya mahindi, maharage, ngano na ng'ombe. Nchi ya Wairaqw na jirani zao Wabarbaig. Ukifika mlangoni unasema "Saita", unakaribishwa, unapewa kigoda, na habari za mjini unaulizwa baadaye.

Nilikwenda kupumzika. Badala yake nikapewa kazi.

Baba mdogo ni mwinjilisti wa mtaa. Kwa wasio Walutheri, mtaa hapa si kona ya mji. Ni kanisa dogo lililo chini ya usharika. Mchungaji yuko usharikani na anakuja kwa zamu, lakini anayelala na kuamka na waumini ni mwinjilisti. Ndiye anayehubiri Jumapili nyingi, anayefundisha kipaimara, anayezika na anayepatanisha waliopigana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Halafu Jumatatu anakwenda kulima, maana posho yake haitoshi hata sabuni.

Basi jioni ya pili mzee akaniletea bahasha. Ndani yake fomu ya kujiunga na chuo kikuu kimoja, astashahada ya theolojia, masomo ya masafa. Unasoma ukiwa nyumbani, notsi zinakuja kwenye simu, mnakutana ana kwa ana mara chache kwa mwaka. "Mwanangu, wewe si mwandishi? Niandikie vizuri," akasema.

Jina, sawa. Tarehe ya kuzaliwa, sawa. Tukafika hapa: "Cheti cha kidato cha nne au sifa nyingine zinazolingana." Baba mdogo aliishia darasa la saba. Chini yake: "Taja mafunzo ya theolojia uliyowahi kupata." Nafasi iliyoachwa ni mistari miwili.

Mzee akanyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na sanduku la bati. Ndani kulikuwa na vitabu vya theolojia kwa enezi, kumi na vinne, vimejazwa kwa kalamu ya bluu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na madaftari ambayo sikuyahesabu. "Haya yataenea kwenye mistari miwili?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Usiku ule nikaanza kujiuliza hiyo "enezi" ilitoka wapi, na niliporudi mjini nikachimba. Nilichokikuta kimenifanya niiangalie fomu ile kwa jicho jingine.

HESABU ILIYOWATIA AIBU

Tuanze mbali kidogo. Guatemala, Amerika ya Kati. Kanisa la Kipresbiteri la kule lilikuwa na seminari katika jiji kuu tangu miaka ya 1930. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 viongozi wake wakakaa chini wakapiga hesabu: kwa takriban robo karne tumepokea vijana wangapi, na wangapi kati yao leo ni wachungaji? Jibu likawatia aibu. Ni wachache mno waliokuwa kazini. Wengi walichukuliwa vijijini wakiwa vijana, wakazoea jiji, na kurudi kwenye mahindi na matope ikawa ngumu. Unawalaumu? Mimi na wewe tumerudi?

Wakati huohuo makanisa ya vijijini yalikuwa na viongozi. Walikuwa watu wazima wenye wake, watoto, mashamba na heshima mbele ya watu. Hao seminari haikuwa na nafasi yao, kwa sababu hawawezi kufunga nyumba miaka mitatu wakakae bwenini.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuhamisha seminari yenyewe, kutoka jijini hadi San Felipe, mji mdogo wa mashambani upande wa Retalhuleu. Ungedhani tatizo limekwisha. Wapi! Hata huko watu hawakuweza kuja kukaa, kwani mwenye ng'ombe wa kukamua, kilomita thelathini na kilomita mia tatu kwake ni mamoja. Ndipo mwaka 1963 wakaamua jambo lililoonekana kama kichaa wakati ule: mwanafunzi abaki kwake, mwalimu ndiye asafiri. Majina yanayotajwa zaidi katika kazi hiyo ni ya wamisionari watatu wa Kimarekani, James Emery, Ralph Winter na Ross Kinsler. Mwanafunzi alisoma nyumbani kwa vitabu vilivyotungwa ili mtu ajifundishe mwenyewe: maelezo mafupi, swali, jibu, kisha unasonga mbele. Mara moja kwa wiki wanafunzi wa eneo moja walikutana na mwalimu katika kituo cha karibu. Na mwenye elimu ya msingi, mwenye sekondari na mwenye chuo kikuu wote walipokelewa, kila mmoja kwa ngazi yake.

Mtaalamu mmoja wa elimu, Ted Ward, akaueleza mpango huo kwa mfano wa uzio wa mbao. Mbao mbili ndefu za kulala: ya juu ni masomo ya vitabuni, ya chini ni kazi ambayo mwanafunzi anaifanya kanisani kwake kila siku. Nguzo zinazozishika mbao hizo zisianguke ni ile mikutano ya kila wiki. Ukiondoa ubao mmoja, ng'ombe wanapita. Ukiondoa nguzo, vyote viko chini. Nilipomsimulia baba mdogo kwa simu alicheka sana. "Huyo mzungu alikuwa mfugaji," akasema.

Kutoka Guatemala mpango ukasambaa Amerika ya Kusini, Asia na Afrika. Kufikia mwaka 1978, Kinsler alipotoa kitabu chake kuhusu vuguvugu hilo, ilikuwa ni harakati ya dunia nzima.

MZEE WA NAIROBI

Lakini tusiwape Waguatemala sifa zote. Wazo lenyewe lilikuwa limeshaishi hapa kwetu, katika nyumba ya mzee mmoja Nairobi.

Roland Allen alikuwa kasisi wa Kianglikana, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1868 na kufanya umisionari China kuanzia miaka ya 1890. Mwaka 1912 alitoa kitabu kilichowauliza wamisionari wenzake swali la kukera: mbona njia zenu si njia za Paulo? Paulo alikaa mahali kwa muda mfupi, akaweka viongozi kutoka miongoni mwa wenyeji, akaondoka. Ninyi mnakaa miaka hamsini na bado mnasema wenyeji hawajawa tayari. Mwaka 1930 akatoa kingine, akitetea makasisi wa kujitolea: watu wazima wanaoheshimika katika kijiji chao, wenye kazi zao za mikono, wapewe daraja hapohapo walipo bila kung'olewa. Si Paulo mwenyewe alishona mahema kule Korintho?

Wakubwa hawakumsikiliza. Katika miaka ya 1930 akahamia Kenya, na hapo, akiwa na umri uliopita miaka sitini, akajifunza Kiswahili. Si Kiswahili cha kuombea maji tu! Alitafsiri kwa Kiingereza tendi za Kiislamu za pwani, ikiwemo Inkishafi. Tafsiri yake ya utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, wa Hemed Abdallah, ilichapishwa mwaka 1961 pamoja na maelezo ya mwanawe, J.W.T. Allen, yuleyule ambaye wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanamfahamu kwa kukusanya miswada ya tendi. Mzee mwenyewe alifariki Nairobi mwaka 1947 na huko akazikwa, miaka kumi na sita kabla ya Guatemala.

WALIMU WALIOACHWA NA UFUNGUO

Na hata Allen alikuwa anasema kwa maneno kitu ambacho Tanganyika ilikuwa imeshakifanya kwa vitendo, tena bila kupenda.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa, na kufikia mwaka 1920 waliobaki walikuwa wamerudishwa kwao. Makanisa ya Kilutheri yakabaki na nani? Na walimu. Walimu wa shule za vichakani, waliojua kusoma, kuandika na hadithi za Biblia, wengi wao bila hata siku moja ya seminari. Kule Buhaya watu kama Andrea Kajerero ndio walioshika kundi. Mwaka 1939 vita vikaja tena, Wajerumani wakakamatwa tena, na Waafrika wakashika tena. Seminari ya kwanza ya pamoja ya Walutheri wa Tanganyika ilianza mwaka 1947 tu, kule Lwandai, Lushoto. Mwaka 1954 ikahamia Makumira karibu na Arusha, na leo ni chuo kikuu kamili.

Kwa hiyo ukifuata historia kwa mpangilio, bweni lilikuja baadaye. Kwanza alikuwepo mwalimu wa kijijini aliyejifunza jioni baada ya jembe. Wakatoliki nao wana makatekista wao, na habari ni ileile. Tunapoiita "masomo ya masafa" kama uvumbuzi wa zama za simu, tunasahau kwamba kanisa la nchi hii lilikuzwa na watu waliosoma hivyo.

1963 KWA WAIRAQW

Sasa turudi nyumbani. Mwaka uleule ambao Guatemala walianza, yaani 1963, tarehe 19 Juni, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa KKKT. Moja kati ya hayo saba lilikuwa kanisa la Wairaqw. Lilikuwa kanisa changa mno ukililinganisha na lile la Kilimanjaro. Wamisionari wa Kinorwe walikuwa wamefungua hospitali ya Haydom mwaka 1955 tu. Watu wametawanyika kwenye mabonde na miinuko, barabara ni jina. Hapo kanisa lingeongozwa na nani kama si mkulima wa palepale?

Tena enezi ilipofika Tanzania iliwakuta watu ambao walishazoea mambo hayo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya": watu takriban milioni mbili, katika vikundi vijijini, wakisikiliza redio, wakisoma kijitabu, wakijadili, kisha wakienda kuchimba choo. Redio, kijitabu, kikundi, kazi. Si ndio ule uzio wa Ted Ward? Baba mdogo alikuwa mtoto, lakini anakumbuka wazee wamekaa chini ya mti wakibishana kuhusu mbu. Miaka ya 1990 yeye naye akakaa chini ya mti, safari hii wakibishana kuhusu Warumi.

Na usidhani walikuwa wanakariri. Nimesoma madaftari yale. Kuna ukurasa mmoja ambao sitausahau. Wazee wa Kiiraqw, kabla ya ukristo na hata leo katika baraka zao za slufay, humtaja Lo'a, mwema, anayehusishwa na jua, na katika lugha yao Lo'a ni wa kike. Upande wa pili kuna neetlangw, roho za ardhini zinazokaa kwenye chemchemi na mito, na hizo ni za kuogopwa. Kitabu cha enezi kimeandika swali la kawaida kabisa: "Mungu ni Baba kwa namna gani?" Baba mdogo amejibu kwa sala ya Baba Yetu, kama inavyotakiwa. Halafu pembeni, kwa maandishi madogo: "Bibi yangu alimwita Lo'a, akasema ni mama. Je, bibi alikosea jina au alikosea mtu?"

Ndugu msomaji, hilo swali wasomi wameandikia vitabu vinene. Mkulima wa Gehandu aliliuliza pembeni mwa daftari, akiwa na darasa la saba na taa ya kandili. Mwalimu wa kituo hakuandika "kosa". Aliandika: "Tulete darasani." Wakalileta, na baba mdogo anasema walibishana hadi giza likaingia.

Darasa lile lilikuwa na wanawake pia, jambo ambalo bweni la zamani lisingeliruhusu kirahisi. KKKT ilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini ni mama gani wa kijijini angeacha watoto akakae chuoni miaka? Kwenye enezi mama alikuja na mtoto mgongoni na jibu lake mkononi.

KIDONDA CHENYEWE

Sasa niseme ukweli wote, maana mwandishi asiyesema upande wa pili ni mpiga debe. Enezi ilikuwa na matatizo. Vitabu vilichelewa. Mwalimu wa kituo akiumwa au baiskeli ikiharibika, nguzo imeanguka. Wengi waliacha njiani, hasa msimu wa kupanda. Kigiriki na Kiebrania huwezi kuvijua vizuri chini ya mti bila maktaba na mtu wa kukusahihisha. Seminari ya kukaa ina kazi yake, na sitamani ifungwe.

Lakini tatizo kubwa halikuwa masomo. Lilikuwa heshima. Tangu mwanzo aliyesoma kwa enezi alionekana mwanafunzi wa daraja la pili, kana kwamba theolojia ya kitandani kwa mtu ni nyepesi kuliko ya bwenini. Akina baba mdogo walimaliza vitabu, wakapigiwa makofi kanisani, wakarudi shambani. Karatasi waliyopewa haikubadilishana na karatasi nyingine yoyote duniani.

Hapo ndipo astashahada hizi za vyuo vikuu zinapoingia. Nchi hii ilishakubali kisheria tangu mwaka 1992, ilipoanzishwa Chuo Kikuu Huria, kwamba mtu anaweza kusoma chuo kikuu bila kuhamia chuoni. Vyuo vya makanisa navyo vikafuata njia hiyo. Ni jambo jema sana: kwa mara ya kwanza uzio wa kijijini umeunganishwa na mlango wa chuo kikuu.

Ila mlango una kizingiti. Miongozo ya kujiunga na astashahada hapa nchini kwa kawaida inadai ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini. Sheria ina sababu zake, inalinda viwango. Lakini hebu itazame ukiwa umekaa kwenye kigoda mbele ya sanduku la bati. Guatemala walihamisha seminari ili imfuate mtu mzima ambaye tayari anaongoza. Leo tumeweka seminari kwenye simu, imemfuata hadi Gehandu, imeingia mfukoni mwake... halafu tunamwambia atuonyeshe kwanza kama alifaulu masomo manne akiwa na miaka kumi na saba. Umbali tumeushinda. Swali la nani anastahili bado tumelibeba kutoka bwenini.

JUMAPILI YA KATESH

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili, tope na mawe viliporomoka kutoka mlima Hanang vikafunika sehemu ya Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mnakumbuka picha, hata sisi wa mjini tulizisambaza.

Asubuhi ile baba mdogo alikuwa anajiandaa kwa ibada. Simu zikaanza kulia. Katika mtaa wake kuna familia zilizokuwa na ndugu Katesh. Hakuna mchungaji aliyeweza kuwa kila mahali. Kwa siku kadhaa alitoka nyumba hii akaingia ile, na kila alikoingia aliulizwa kitu kimoja, kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw: Mungu alikuwa wapi? Wengine walinong'ona kwamba mlima umekasirika. Wengine wakasema ni dhambi za wale waliokufa.

Nilimwuliza aliwajibu nini. Akanyamaza, kisha akafungua sanduku akatoa kitabu cha enezi juu ya Ayubu. "Nilikumbuka hiki," akasema. "Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba walipokaa chini naye bila kusema neno. Walipoanza kueleza ndipo walipoharibu. Basi nikakaa. Waliosema ni dhambi za marehemu, hao nikawakataza."

Halafu akaongeza, bila uchungu, kama mtu anayekumbuka jambo dogo: "Siku zile hakuna aliyeniuliza cheti."

MISTARI MIWILI

Mbona sasa anakitaka, ana miaka zaidi ya hamsini? Nilimwuliza hilo pia. Alisema mambo mawili. Kwanza, vijana wa kipaimara siku hizi wana simu, wanakuja na maswali ya dunia nzima, na vitabu vyake kumi na vinne vimeisha. Pili, anataka siku moja akikaa kwenye mkutano na wenye digrii, akinyoosha mkono, asitazamwe kama mtu aliyepotea njia. Nadhani sababu zote mbili ni za heshima.

Basi tukajaza. Kwenye kidato cha nne tukaandika ukweli: hapana, darasa la saba. Kwenye "sifa nyingine zinazolingana" tukaandika: mwinjilisti wa mtaa tangu 1991. Kwenye ile mistari miwili nilitaka kuandika kwa mbwembwe za kiuandishi, mzee akanizuia. Akaniamuru niandike hivi: "Theolojia kwa enezi, vitabu 14. Vyote vipo, naweza kuvileta." Mstari mmoja na nusu. Nafasi ikabaki.

Tulivipiga picha kwa simu, kitabu kimoja kimoja, na ile pembe ya daftari yenye swali la bibi na Lo'a tukaiweka juu kabisa. Asubuhi nikapanda basi na bahasha mkononi, mzee akaenda kupalilia.

Majibu bado. Yakija nitawaambia, yawe mazuri au mabaya. Ila kama wewe unayesoma hapa unakaa kwenye kamati yoyote ya kupokea wanafunzi, popote pale, nakuomba jambo moja tu: ukikuta fomu yenye maneno machache na picha nyingi za madaftari, usiiweke chini ya rundo kabla hujazitazama. Na ninyi wengine, kwenu nani ana sanduku la bati?